Miruko Mitatu ya Fundi Msasa

Jioni hiyo Fundi Msasa alikuwa amebakiwa na kazi moja tu: kurudisha ngazi ya jirani yake mchomeleaji kabla hajaanza kutukanwa. Akaitia begani, akazima taa ya karakana, akavuta mlango wa bati. Hakutoka.

Mlangoni palikuwa na mashua.

Ilikuwa mashua ndogo ya tanga, ya faiba, nyeupe, hatua saba kutoka ncha hadi ncha, imepandishwa kwenye trela, mlingoti wake umelazwa na kufungwa kamba. Pale nje pamemwagwa kokoto. Hata paka akipita utamsikia. Msasa hakuwa amesikia gurudumu wala unyayo.

Aliijua mashua ile.

"Hujambo, Msasa?" sauti ikatoka upande wa pili.

Hakuitwa fundi. Aliitwa Msasa, kavu kavu.

"Sijambo, Dada Mkubwa. Shikamoo."

Mwenye sauti akazunguka trela, akajitokeza.

Shikamoo ile ikabaki hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mtaa mzima walimwita hivyo, Dada Mkubwa, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Walimwita kwa heshima, na kwa hofu pia, maana ilisemekana kuwa alikuwa na njia zake za kuuliza mambo, na kwamba aliokuwa akiwauliza si watu. Mwenye mashua alikuwa mdogo wake, mtu mcheshi aliyepachikwa jina la Nahodha kwa utani, kwa kuwa chombo chake kilikuwa kidogo kuliko jiko la mama yake. Nahodha alikuwa amekufa maji mwaka mmoja na siku chache nyuma. Mwili ulipatikana siku ya nne.

"Sitaha imelainika," alisema Dada Mkubwa. "Ukikanyaga inabonyea. Si ni wewe uliyeitengeneza?"

"Ni mimi, dada."

"Basi itengeneze. Jumamosi naishusha majini. Nitasafiri mimi mwenyewe, na nitasimama pale pale aliposimama mdogo wangu."

Akafungua pochi, akatoa ndala moja ya mpira, ya kiume, akaiweka juu ya sitaha taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Hii ndiyo mliyosema ilimwua," akasema. "Ishike chini. Inateleza?"

Msasa hakuishika. Alikuwa anaiona vizuri. Soli yake ilikuwa mpya, yenye meno makali.

*

Tusimseme vibaya kabla ya wakati. Msasa alikuwa mcha Mungu. Kila Jumanne kwenye ushirika alisimama mbele ya wenzake akaungama. Aliungama hasira. Aliungama uvivu wa kuamka alfajiri. Siku moja aliungama hata kumwonea wivu mwenzake wa kwaya kwa sauti yake nene, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Alikuwa hodari wa kuungama. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kila Jumanne lilimpanda mpaka kooni, naye akalimeza.

Hili hapa.

Sitaha ya faiba ni kama mkate uliotiwa kitu katikati. Juu tabaka la faiba, chini tabaka la faiba, katikati mbao nyepesi. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu, mbao inaoza humo ndani bila mtu kujua. Kwa juu utaona weupe unang'aa tu. Ndiyo maana fundi hakagui kwa macho. Anageuza bisibisi, anagonga kwa mpini wake, anasikiliza. Penye uzima panalia *ta!* kama meza ya mwalimu. Palipooza panalia *du*... kama gunia la unga. Kila penye *du* fundi anaweka alama ya chaki. Mwisho anaziunganisha alama kwa mstari, na ndani ya mstari ule anakata, anachimbua uozo wote, anajaza upya.

Na kuna sharti la mwisho. Mzee aliyemfundisha Msasa kazi alilirudia kila walipomaliza chombo: "Wewe ndiye wa kwanza kupanda. Ruka mara tatu, mwenye chombo akiona. Ukisita kuruka, hujamaliza."

Mwaka uliopita Nahodha alipoleta mashua, Msasa aligonga. Alisikia *du* kuanzia kwenye mlingoti hadi ncha ya mbele, hadi chini ya ile nguzo fupi ya chuma inayoshikilia kamba ya kujizuia usianguke. Akaweka alama zote. Kisha akatazama jua. Jioni ile ilikuwa zamu yake kuongoza maombi, na suruali safi ilikuwa inamngoja kwenye msumari.

Akafuta nusu ya alama kwa mkono wa shati.

"Na huku mbele je?" Nahodha aliuliza aliporudi.

"Pazima kabisa, kaka. Lala usingizi."

Akatengeneza nusu ya nyuma. Nusu ya mbele akaipaka rangi. Hakuruka, kwa sababu alikuwa ameshavaa ile suruali. Wiki mbili baadaye Nahodha aliegemea nguzo, nguzo ikang'oka kama jino la mtoto, akaenda nayo majini.

Msibani watu walimgeukia Msasa, maana yeye ndiye mjuzi. Naye akasema, "Sitaha ilikuwa nzima. Nadhani ni ndala, iliteleza akaiangukia nguzo."

Ikawa ndala. Mpaka leo mtaani mtu akijikwaa wanamwambia, "Angalia, usife kifo cha Nahodha." Wanacheka. Dada yake anapita, anasikia.

*

Jioni ile ile alianza kugonga. Dada Mkubwa alipindua ndoo, akaikalia, akawa anaviringisha kipande cha chaki kati ya vidole vyake. Hakusema kilikotoka.

*Du.*

*Du.*

*Du.*

"Gonga kwa nguvu," alisema. "Nataka nisikie na mimi."

Nusu ya mbele yote ilikuwa imekufa. Msasa alilitegemea hilo. Ambalo hakulitegemea ni nusu ya nyuma, ile aliyoitengeneza vizuri kwa mikono yake. Nayo ikalia *du*. Akasogea kwenye ubavu. *Du.* Akarudi mahali alipogonga dakika moja tu iliyopita, mahali palipolia *ta* safi kabisa.

*Du.*

Kila alipoegemeza mkono ili agonge mbele, nyuma yake palikufa.

"Unyevu huu umesambaa, dada," alisema huku akijifuta jasho. "Sijawahi kuona..."

"Fuata maji, Msasa. Si ndiyo kazi yenu? Mnafuata maji mpaka yanapoishia. Yanaishia wapi?"

Aligonga tena, pale penye tundu la nguzo.

*Du.*

Na kutoka chini, ndani ya mashua, pakajibiwa.

Du. Du. Du.

Mara tatu. Polepole. Kama mtu anayeruka kwa miguu mitupu.

Msasa aliruka chini, akawasha tochi, akafungua kijimlango cha chumba cha mbele. Tanga lililokunjwa. Kamba. Kopo tupu la rangi. Basi. Hakukuwa na hata panya. Ila harufu ilimpiga usoni, harufu ya dawa ya kifua, ile ya mgando yenye ubaridi, ambayo Nahodha alijipaka kila asubuhi na watu wakamtania kuwa ananuka kama zahanati.

"Umesikia, dada?" alinong'ona.

"Mimi nasikia kila jioni," alisema Dada Mkubwa. "Wewe ndiyo kwanza leo?"

*

Asubuhi mchomeleaji alikuja kudai ngazi yake, mdomo ukiwa umeshawaka.

"Wewe mlokole gani unayelala na ngazi ya watu?"

"Samahani, jirani. Jana mashua hii imenijia kama mzimu. Hata trela sikuisikia."

"Mzimu kitu gani! Niliisukuma mimi na wapakiaji wawili, mgongo mpaka sasa unaniuma. Wewe ulikuwa humo ndani unapiga pambio kama redio iliyoharibika swichi." Mchomeleaji akacheka, kisha akaishiwa kicheko alipoiona ndala juu ya sitaha. Akashusha sauti. "Lakini sikia, Msasa. Yule mama akikuuliza kitu, mjibu chote. Fundi wa injini wa kule juu alimjibu nusu. Siku hizi hata kijiko hakishiki."

Akachukua ngazi, akaondoka bila kuaga. Hilo halikuwa la kawaida yake. Alikuwa mtu wa kuaga mara nne.

Kwa hiyo Msasa hakuwa mwehu. Trela ilisukumwa na watu wa kawaida kabisa. Likamtia moyo jambo hilo, akavaa barakoa na shati la mikono mirefu, akashika grenda, akakata. Vumbi la faiba likaruka, likamwasha shingoni kama upupu. Akaingiza patasi chini ya ngozi ya juu, akaibandua.

Chini yake mbao ilikuwa nyeusi na laini kama ugoro uliolowa. Aliichota kwa mikono, ndoo baada ya ndoo. Alichota mpaka akafikia tabaka la chini, akalisugua, akalifuta kwa tambara na tina ya rangi, akatundika taa ya joto juu yake mchana kutwa. Kazi safi. Kazi ambayo alipaswa kuifanya mwaka jana.

Mbao mpya aliikata kwa vipimo. Jua lilipoinama akaandaa rezini, ile gundi ya faiba, maana kwenye jua kali inaganda ndani ya kopo kabla hujageuka. Akatia dawa yake ya kukaza, matone kwa kipimo, akakoroga, akashika kopo kwa nje. Rezini ikishaanza kukaza hupata moto, unausikia kiganjani.

Kopo lilikuwa baridi.

Akaongeza matone. Akakoroga. Likazidi kuwa baridi, baridi ya kitu kilicholala chini ya maji.

"Imegoma?" Dada Mkubwa alikuwa ameshakaa kwenye ndoo yake. Hakumsikia akiingia.

"Shikamoo, dada. Labda dawa imepitwa na wakati."

Shikamoo haikujibiwa.

Aliimwaga hivyo hivyo, akalaza mbao, akalaza faiba, akabana kwa mawe, akajiambia kesho itakuwa imekaza. Nyumbani mkewe alimwekea chakula akakitazama tu.

"Baba Watoto, una nini?"

"Kazi tu."

"Kazi gani inayonuka dawa ya kifua? Humu ndani hakuna mwenye mafua."

Msasa akalinusa shati lake. Kweli.

Alipiga magoti usiku ule. Aliomba kwa maneno mazuri, marefu, yaliyopangika, kama anavyoomba mbele za watu. Yalipofika kwenye jambo lenyewe yakapinda, yakapita pembeni.

*

Jioni ya tatu rezini ilikuwa bado maji. Mawe yalikuwa yameteleza. Juu ya faiba ile mbichi palikuwa na alama mbili zimebonyea sambamba, kila moja urefu wa unyayo wa mtu mzima. Vidole vitano. Vidole vitano. Miguu mitupu...

Na alama hazikubonyea kwenda chini.

Zilikuwa zimetuna kuja juu.

Kama mtu aliyesimama upande wa chini, kichwa chini miguu juu, akikanyaga kutoka kule.

"Kesho ni Jumamosi," alisema Dada Mkubwa. Alikuwa amesimama karibu sana naye. "Nitasimama hapo, Msasa. Niambie kama nitafika ng'ambo."

Du... kutoka chini.

Msasa akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi la faiba, akaanza kulia kama mtoto.

"Dada Mkubwa, nisamehe. Nimekosa. Sikumaliza kazi ya mdogo wako. Nilikuwa na haraka ya maombi. Sikuruka. Sharti ni kuruka mara tatu na mimi sikuruka. Halikuwa kosa la ndala. Lilikuwa kosa langu."

Mama yule alivuta pumzi ndefu. Uso wake ulilainika kidogo, na katika ulaini ule Msasa aliona, kwa mara ya kwanza, jinsi alivyofanana na marehemu.

"Kumbe mdomo unao," alisema polepole. "Mwaka mzima nimengoja. Sasa malizia. Ulipogonga kule mbele, ulisikia nini?"

Hapo.

Hapo ndipo palipobaki. Angesema tu, nilisikia, nikaweka alama, nikazifuta kwa mkono wa shati. Maneno machache kama hayo. Lakini mtu anayesema "sikumaliza" ni fundi mzembe, na fundi mzembe husamehewa. Anayesema "nilijua" anaitwa jina lingine. Akauona ushirika wa Jumanne ukimkodolea macho. Akamwona mkewe.

"Sikusikia kitu, dada," alisema. "Naapa. Masikio yangu hayakunasa."

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

Dada Mkubwa alimtazama. Ule ulaini ukaondoka usoni mwake, taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga. Kisha akatabasamu.

"Haya," alisema. "Marahaba."

Shikamoo za jioni tatu, zote zikajibiwa kwa mkupuo mmoja. Msasa akaona ameachiwa.

Na juu ya sitaha rezini ikaanza kulia, *chiii*, kama mafuta kikaangoni. Moshi mwembamba ukapanda. Alipogusa, palikuwa na moto, pagumu, pamenyooka. Zile nyayo zilikuwa zimekwisha kuzama na kupotea. Akageuza bisibisi, akagonga mbele.

*Ta!*

Nyuma. *Ta!* Ubavuni. *Ta!* Pale pa nguzo. *Ta!* Sitaha nzima ililia kama kengele ya shule.

"Panda," alisema Dada Mkubwa. "Nikuone."

Msasa akapanda, akaruka. Moja. Mbili. Tatu. Haikubonyea hata unywele. Akacheka kwa sauti, machozi bado mashavuni, akaanza kumshukuru Mungu. Aliposhuka, mama yule alimsogelea, akamgusa kifuani kwa kidole kimoja, juu kidogo ya mfuko wa shati. Kidole kilikuwa cheupe kwa chaki.

"Maji hayapotei, Msasa," alinong'ona. "Yanahama tu."

*

Alilala kama gogo. Kulipopambazuka aliamshwa na baridi. Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati la jana mikononi.

"Baba Watoto, nini hiki kifuani kwako?"

Akajitazama. Juu ya ngozi palikuwa na mstari wa chaki. Ulianzia chini ya shingo, ukapinda ukifuata mbavu za kushoto, ukafika kwenye chembe ya moyo.

Hapo ukakatika. Nusu duara.

Alisugua kwa mate. Alisugua kwa sabuni. Haukutoka. Akavaa, akakimbia karakana bila hata kufunga vifungo.

Mashua haikuwepo. Mchomeleaji alikuwa anafungua kwake, na alipomwona Msasa alirudi nyuma hatua moja.

"Ameondoka nayo alfajiri," alisema. "Nimemsaidia kushusha mwenyewe. Sitaha imekaa vizuri mno, sijui ulifanyaje. Ameshavuka, saa hizi yuko ng'ambo." Akaonyesha kwa kidevu. "Kakuachia kitu mezani. Kasema nikwambie umalizie mwenyewe."

Juu ya meza ya kazi palikuwa na ndala moja. Juu ya ndala, kipande cha chaki.

Msasa alikisogelea kioo chenye ufa anachonyolea ndevu. Bisibisi aliikuta mkononi. Hakukumbuka aliishika saa ngapi. Akaigeuza. Akagonga taratibu bega la kulia, nje ya mstari, pale ambapo mwili wa mtu ni mfupa na ngozi.

*Du.*

Shingoni. *Du.* Ubavuni. *Du.* Alikuwa anatafuta mahali pazima pa kumalizia mstari, kama anavyofanya fundi yeyote. Akachukua chaki mezani, akakosa pa kuiweka. Harufu ya dawa ya kifua ikajaa karakana.

"Jirani," aliita. "Jirani, njoo. Nilisikia. Mwambie yule mama... mwambie nilisikia."

Mchomeleaji hakuja. Alikuwa anafunga mlango wake.

Msasa akagonga mara moja ya mwisho, katikati kabisa, kwenye chembe ya moyo.

*Du.*

Kisha, kutoka ndani, polepole, kwa miguu mitupu, akajibiwa.

Mara tatu.